Mafuta ya Kunukia Ndani ya Gamba la Kamba

Mwaka 2000 mpango wa taifa wa kutokomeza matende na mabusha ulianzia Mafia, na Baleni, kama kisiwa kizima, ikaanza kugawiwa ivermectin na albendazole. Dawa hizo huua vijiminyoo vichanga vilivyomo katika damu. Mnyoo mpevu aghalabu husalimika, naye huishi miaka kadhaa katika mishipa ya limfu akiendelea kuzaa. Kwa hiyo mbu hasahauliki: kuleksi wa vyoo vya shimo na anofelesi wa madimbwi ndio wanaoueneza ugonjwa huo katika mwambao.

Kivumbasi na mchaichai, vilivyotumiwa na wazee wa pwani, si ushirikina. Mafuta yake, kama yale ya karafuu yenye eujenoli, hufukuza mbu na huweza kuua viluwiluwi. Kasoro ni kwamba mafuta hayo ni tete. Yakipakwa jioni, kinga hutoweka kabla ya usiku wa manane.

Kasoro hiyo huweza kupunguzwa kwa kitosani, polima itokanayo na magamba ya kamba na kaa, ambayo kwa kawaida hutupwa. Ikiyeyushwa katika asidi hafifu kama ya siki hubeba chaji chanya, ilhali gundi ya mkorosho ina chaji hasi. Zikikutana huvutana na kuyafumbata matone ya mafuta. Watafiti wa Brazili, ulikotoka mkorosho wenyewe, walieleza mwaka 2012 chembe za namna hiyo zenye upana wa nanomita 335 hadi 558; nanomita moja ni sehemu ya milioni ya milimita. Mafuta yalitoka polepole, na viluwiluwi vya mbu aenezaye dengi vikafa.

Mafia ina mikorosho, na kamba huvuliwa katika bahari yake. Hata hivyo, mbu wa dengi hukulia katika maji ya mapipa, na kuleksi katika uchafu wa choo, wenye bakteria tele wanaoweza kuiozesha kitosani. Chembe hizo hazina budi kupimwa chooni, si katika bilauri ya maabara. Tena mafuta ya karafuu huunguza ngozi yakizidi, wala hayafai kumwagwa kisimani.

Kipo pia kipimo kigumu cha kulinganishia. Huko Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, punje za polistirini zilielea juu ya maji ya vyoo na kuwanyima viluwiluwi pumzi. Punje hizo hazikuhitaji kurudiwa kila mwezi.