Saratani ya Kinywa na Umbali wa Mwananchi kutoka kwa Mganga wa Meno



Katika mikutano ya vyama vya msingi huzungumzwa bei, pembejeo na madeni ya msimu. Meno hayazungumzwi. Mwanachama aumwaye jino huvumilia hata malipo ya mazao yatoke, ndipo afunge safari ya kwenda hospitali ya wilaya kuling'oa. Desturi hii ina uhusiano na ugonjwa mkubwa kuliko jino bovu, nao ndio tunaokusudia kuueleza.

Saratani ya kinywa huota ulimini, chini ya ulimi, ufizini, ndani ya shavu au kwenye mdomo wenyewe. Ilikadiriwa kwamba katika mwaka 2022 watu wapatao 389,000 duniani walipatwa na saratani ya midomo na kinywa, na wapatao 188,000 walikufa kwayo. Visababishi vyake vikubwa vinajulikana: tumbaku, iwe ya kuvutwa au ugoro wa kutiwa mdomoni; pombe, hasa inapoandamana na tumbaku; na tambuu, ambayo ndugu zetu wa pwani wanaifahamu vyema. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilichapa mwaka 2004 hukumu yake kwamba popoo huleta saratani hata pasipo tumbaku. Wamo miongoni mwetu wakulima wa tumbaku, na makala hii haina ugomvi na jasho lao. Lakini haifai kuficha kwamba jani lipimwalo ghalani na ugoro uwekwao chini ya mdomo ni mmea mmoja.

Yafaa ieleweke kwamba saratani hii mwanzoni mara nyingi haiumi. Huanza kama baka jeupe lisilofutika, au jekundu, au kidonda kidogo kisichopona kwa majuma mawili au matatu. Sasa mtazame mtu ambaye humwona mganga wa meno pale tu anapoumwa. Kwa kuwa haumwi, haendi. Aendapo, uvimbe umekwisha kushika taya au shingo, na tiba ambayo ingekuwa upasuaji mdogo imegeuka kuwa upasuaji mkubwa na mionzi, inayopatikana katika miji michache tu, kama Dar es Salaam na Mwanza. Mwenye uwezo, ambaye husafishwa meno kila mwaka, hukaguliwa kinywa chote bila hata kuomba. Hapo ndipo tofauti ya kipato inapogeuka kuwa tofauti ya uhai. Na ni maskini huyo huyo ambaye mara nyingi zaidi hutumia ugoro na pombe kali ya kienyeji ili astahimili kazi ngumu.

Je, pengo hilo laweza kupunguzwa pasipo kujenga hospitali mpya? Jibu zuri kuliko yote tunalolijua latoka jimbo la Kerala, India, katika wilaya ya Trivandrum, ambako jaribio kubwa lilianzishwa mwaka 1996. Vijana waliohitimu vyuo, wasio madaktari, walifundishwa kutazama kinywa kwa macho, wakapita nyumba kwa nyumba. Watu wapatao 96,500 walikuwa katika maeneo ya ukaguzi, na wapatao 95,400 katika maeneo yasiyokaguliwa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2005 yalionyesha kwamba penye ukaguzi waligunduliwa wagonjwa 205, wakafa 77. Pasipo ukaguzi waligunduliwa 158, wakafa 87. Kwa watumiaji wa tumbaku au pombe, vifo vilipungua kwa asilimia 34. Kwa wasiotumia hapakuonekana faida, jambo linaloonyesha ni nani wa kutazamwa kwanza.

Hata hivyo, kati ya watu 5,145 waliokutwa na dalili na kuelekezwa kwa daktari, waliokwenda ni 3,218 tu. Yeyote aishiye kwa kibarua hatashangaa: siku ya hospitali ni siku isiyo na ujira, na nauli haikopeshwi. Ukaguzi bila njia ya kumfikisha mtu kwenye tiba ni nusu ya kazi. Brazili ilijaribu kuunganisha nusu hizo mbili. Mpango wake wa mwaka 2004 uliwapeleka waganga wa meno katika vikundi vya afya ya familia, ukaweka pia vituo vya ngazi ya pili vyenye wajibu wa kuchunguza saratani ya kinywa.

Vyama vyetu vina kitu ambacho idara ya afya hukitafuta kwa shida: siku ambayo wanachama wote huja mahali pamoja. Katibu aweza kumwandikia Mganga Mkuu wa Wilaya kuomba tabibu wa meno afike siku ya kupokea mazao au ya malipo. Kinachohitajika ni kiti, tochi, glavu na vijiti vya kushikia ulimi, na kila mtu hatumii zaidi ya dakika chache. Waanze watumiaji wa ugoro, sigara, tambuu na pombe, hasa waliopita umri wa miaka 35. Mkutano nao uamue mapema ni fungu gani litakalolipa nauli ya watakaoelekezwa hospitali, na uamuzi huo uandikwe katika kumbukumbu kabla tabibu hajafika.