Mkonge wa Marehemu Mama katika Baridi ya Nyeri



Ndugu wasomaji, kina mama na kina baba, mwaka mmoja katika mwezi wa Julai, baada ya darsa ya alasiri mjini Nyeri, alinijia mama mmoja kijana, mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa huku bara. Akaniambia, "Maalim, mti wa marehemu mama wanifia mikononi."

Mamake alipofariki, katika vyote vilivyobaki nyumbani yeye aliomba kimoja tu: mkonge wa mapambo uliokaa uani kando ya birika kwa miaka mingi, wenye majani ya kijani yaliyotiwa ukingo wa rangi ya maziwa. Aliupakia kwenye basi, akauleta Nyeri, akaupanda mlangoni pake. Masika ulisimama vyema. Baridi ilipoingia, majani ya chini yakageuka manjano na kulegea. Naye kwa huruma akazidi kuunywesha, kila asubuhi, tena kwa maji ya vuguvugu ili usione baridi.

Nilikwenda na mke wangu kuutazama. Nilishika jani moja, likatoka bila ya kuvutwa, na shina likanuka uvundo. Nikamwambia, "Pole, mwanangu. Si baridi iliyouharibu. Ni maji."

Makala haya nayaandika kwa sababu yake, na kwa sababu ya jamaa zetu wengi waliohamia Nyeri, Karatina, Nanyuki na Meru wakachukua mimea ya pwani wasijue namna ya kuivusha msimu wa baridi.

BARIDI YA MLIMANI NI YA NAMNA GANI

Nyeri iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Nanyuki ni juu zaidi, karibu mita 1,950. Huku hakuna majira ya theluji kama ya Ulaya, kwani tuko kwenye Ikweta. Lakini kuanzia Juni hadi Agosti huingia kipindi ambacho Wakikuyu hukiita gathano. Mawingu hutanda, ukungu hushuka, manyunyu huanguka, na jua laweza kufichika siku kadhaa mfululizo. Usiku joto hushuka hadi karibu nyuzi 10 za Selsiasi, na mara nyingine chini ya hapo.

Iko baridi ya pili ambayo watu huisahau. Kati ya Disemba na Februari mbingu huwa safi usiku, na joto la ardhi hupanda juu bila ya wingu la kulizuia. Katika mabonde na nyanda za juu zilizo wazi, hewa baridi huteremka na kutuama kama maji, na alfajiri huonekana sakitu, yaani umande ulioganda juu ya majani. Kwa hiyo mwenye kupanda bondeni na mwenye kupanda mteremkoni, hata wakiwa majirani, hawana baridi moja.

Mimea tunayoizungumzia ni wageni wote. Mikonge, ambayo wataalamu huiita agave, asili yake ni bara la Amerika, hasa Meksiko. Hata mkonge wa katani tuujuao uliletwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na katika machipukizi 1,000 aliyoagiza ni 62 tu yaliyofika hai. Kaktasi nazo, karibu zote, ni za huko huko. Mshubiri si ndugu wa mkonge ijapokuwa wanafanana. Mshubiri ni wa Afrika na Arabuni, na jani lake likikatwa hutoa utomvu wa kuteleza, ilhali jani la mkonge limejaa nyuzi.

KWA NINI MAJI NDIYO YANAYOUA

Mwenyezi Mungu (S.W.T.) ameiumba mimea hii kwa ajili ya ukame. Mingi ya mimea hufungua vinyweleo vyake mchana ili kuvuta hewa. Mikonge na kaktasi hufungua usiku na kufunga mchana, ili maji yasipotee kwa jua. Tena huweka akiba yake ndani ya jani au shina. Udongo ukipoa, ukuaji hupungua na mizizi hunywa kidogo mno. Maji yanayozidi hubaki yametuama, kuvu huingia, na shina huoza kutoka chini kabla ya macho kuona lolote juu.

Ziko kaktasi za Amerika ya Kaskazini ambazo huishi chini ya theluji hata nchini Kanada. Zinapohisi baridi inakuja hunywea na kukunjamana kama ngozi ya mzee, kwani hupunguza maji mwilini, na utomvu unaobaki huwa mzito na mgumu kuganda. Mtu asiyejua akiziona atadhani zina kiu, naye akizinyunyizia maji amezinyima silaha yake.

Wahenga wetu walisema, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Mkonge unaosinyaa kidogo mwezi wa Julai hauombi maji. Umejifunga kibwebwe kuisubiri Septemba.

UKUTA WA KIBLA

Vitabu vya Ulaya husema mimea hii ipandwe mbele ya ukuta unaotazama kusini. Hilo ni sawa kwao, kwani jua lao liko kusini. Hapa Nyeri, kuanzia mwisho wa Machi hadi Septemba, jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini. Na Kibla chetu hapa Nyeri ni karibu kaskazini moja kwa moja, kikiegemea kidogo mashariki. Basi kila familia ya Kiislamu tayari inaijua sehemu inayofaa: ni upande wa nje wa ule ukuta mnaouelekea mnaposwali. Ukuta huo ndio upatao jua katika msimu wa baridi, na kama ni wa mawe huhifadhi joto la mchana na kulitoa usiku.

Usipande chini ya ukingo wa bati pale maji ya paa yanapodondoka. Ama sogea mbele, ama tia mfereji wa kuyapeleka kando.

Udongo mwekundu wa Nyeri ni neema kwa kahawa na chai, lakini kwa mikonge hushika maji mno. Inua tuta la kiasi cha sentimita 30. Changanya sehemu moja ya udongo, sehemu moja ya mchanga wa mtoni ulio mnene, na sehemu moja ya kokoto ndogo. Usitie samadi nyingi, kwani hushika unyevu na kuufanya mmea uwe laini. Panda shingo ya mmea juu kidogo ya usawa wa udongo, kisha uzungushie kokoto ili majani ya chini yasilale penye majimaji.

Mvua za masika zikipungua mwishoni mwa Mei, acha kunywesha kabisa kile kilichopandwa ardhini. Manyunyu yatosha na kuzidi. Ukiweza, simika vijiti vinne na karatasi ya nailoni juu yake, pande zote zikiwa wazi ili upepo upite. Usiufunike mmea gubigubi, kwani jasho lake litauozesha. Mimea ya makopo isogezwe barazani penye mwanga, na kopo liwe na matundu chini.

AINA ZA KUCHAGUA

Kwa walio Nanyuki na nyanda zenye sakitu, Agave americana, ule mkonge mkubwa wa rangi ya buluu iliyofifia, hustahimili joto la chini ya sifuri kwa nyuzi kadhaa. Agave parryi, mfupi na wa duara kama waridi, hustahimili zaidi ya huo. Agave victoriae-reginae ni mdogo, wenye mistari myeupe, na wafaa kwa kopo. Yote mitatu hufanya vizuri zaidi Nanyuki kuliko Nyeri, ijapokuwa Nanyuki ni baridi zaidi, kwa sababu Nanyuki ni kavu zaidi.

Kwa walio Nyeri mjini na Karatina penye watoto wadogo, Agave attenuata ni bora. Hauna miiba, ila sakitu huuchoma, basi usipandwe bondeni. Mkonge wa katani nao haupendi sakitu. Hustawi zaidi sehemu za chini zenye joto kama Makuyu, nao ndio uliowapa kina mama wa Kikuyu na Wakamba nyuzi za kusukia vyondo.

Ukiuziwa kaktasi na muuza miche barabarani, angalia pale ilipochubuka. Ikitoa maziwa meupe, kwa kawaida si kaktasi, bali ni ya jamii ya mnyaa, na maziwa yake ni hatari kwa macho. Osha mikono kabla ya kumshika mtoto.

Mmea ukianza kuoza, ung'oe mara moja. Kata kilicholaini mpaka ufikie nyama nyeupe safi, pakaza majivu makavu ya kuni, uuweke kivulini penye upepo juma moja au mawili, ndipo uupande katika mchanga mkavu. Vaa glavu, kwani utomvu wa mkonge huwasha. Na ukikuta shina limetobolewa na ndani mna buu, huyo ni fukusi wa mkonge. Mmea huo uchomwe usiambukize mingine.

MWIBA NJIANI

Hapa lazima nikiri kosa langu. Nilipofika Nyeri nilipanda Agave americana miwili kwenye njia ya kuingilia madrasa, nikavutiwa na uzuri wake. Sikufikiri kwamba mkonge huo huweza kupanuka zaidi ya mita tatu, na kwamba ncha ya kila jani ni sindano. Jioni moja mtoto wa chuo, akikimbia na juzuu yake kifuani, aliteleza kwenye matope. Mwiba ulimchoma juu ya nyusi, upana wa kidole kutoka jichoni. Mamake hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo lilinichoma zaidi ya lawama.

Mimi niliyewafundisha watoto wale kwamba Mtume (S.A.W.) ameihesabu kazi ya kuondoa chenye kuudhi njiani kuwa ni sehemu ya imani, ndiye niliyeupanda mwiba njiani kwa mkono wangu. Siku ya pili niliing'oa yote miwili. Sasa nasema: usipande wenye miiba karibu na njia, mlango, bomba la maji wala mahali pa kuchezea. Ukiwa tayari unao, kata ncha ya kila jani kwa kikata kucha, kiasi kidogo tu, nao hautadhurika.

Na kuna madhara makubwa kuliko ya mlango mmoja. Huko Laikipia, kaskazini ya mlima, mpungate ulioletwa zama za ukoloni kuwa ua na pambo umetapakaa maelfu ya ekari za malisho. Ndovu na nyani hula matunda na kutawanya mbegu, na kila kipande kinachoanguka huota. Vijiba vyake vidogo huwaumiza mbuzi na ng'ombe midomo, ndimi na macho, na wafugaji wamepoteza mifugo. Wataalamu wamepeleka huko mdudu mdogo anayefyonza maji ya mpungate ili kuupunguza, na wako kina mama wa Laikipia wanaochuma matunda yake wakatengeneza jemu na sharubati. Wamefanya kheri, lakini hasara ilitangulia.

Basi mpungate usiupande ardhini katika sehemu hizi. Ukiwa nao, ukae ndani ya kopo, na unapoupogoa usitupe vipande jalalani wala mtoni. Vizike kwenye shimo refu au vichome. Dini yetu haituruhusu kujidhuru wala kudhuru wengine, na jirani si aliye ukutani tu. Mfugaji wa Doldol naye ni jirani.

ILIYOBAKI

Msomaji atauliza, mkonge wa yule mama ulikuwaje? Ule mkubwa haukupona. Tulipoung'oa tulikuta pembeni ya mzizi machipukizi mawili, moja la ukubwa wa kidole gumba, jingine la ukubwa wa kiganja, yakiwa bado magumu na makavu. Mkonge hufanana na mgomba: mama huchanua mara moja tu, baada ya miaka mingi, kisha hufa, na watoto wake hubaki pembeni. Mama huyu wa Mombasa hakuwahi kuchanua, lakini watoto alikuwa ameshawaacha.

Tuliyapaka majivu, tukayaacha kivulini siku kumi, tukayapanda kwenye makopo yenye kokoto. Nilimwomba mwenyewe asiyatilie maji mpaka Septemba. Aliniambia baadaye kwamba hilo lilikuwa zito kwake kuliko kazi zote, kuamka kila asubuhi akayaona yamenywea asifanye kitu, ila kuyatazama na kumwombea mamake rehema. Dogo lilikauka mwezi wa Agosti. Kubwa lilitoa jani jipya vuli ilipoanza.

Sasa liko mbele ya ukuta wa Kibla, mbali na mlango, ncha zake zimekatwa. Amemwahidi dadake aliye Mombasa kwamba chipukizi la kwanza litakalotoka atampelekea, lirudi uani kando ya birika.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazazi wetu waliotangulia, na atujaalie tuwe wenye kupanda kheri na kuondoa miiba. Amin. Wabillahi tawfiq.