Maji Yenye Mwenyewe

Mto Ruvu, ambao wasafiri wa karne ya kumi na tisa waliuita Kingani, hutoka katika milima ya Uluguru, ukapita magharibi ya Kisarawe na kuikata nchi ya Kibaha karibu na Mlandizi, hata ukamwagika baharini kaskazini ya Bagamoyo. Na katika safari hiyo hapana mahali pa kuogopwa kama vizingo vyake, pale maji yanapojizungusha taratibu, mfano wa uji unaokorogwa, kisha yakashuka chini pasipo kelele.

Mwenye elimu ya maji atakwambia kuwa mkondo wa kasi, ukigonga ukingo wa nje wa kizingo, hurudi ukasuguana na maji yaliyotulia, na msuguano huo ndio uzaao duara. Tena mkondo huo huo hufukua shimo chini ya ukingo, hata mtu aliyekuwa katika maji ya magotini, hatua moja humtia kilindini. Maelezo hayo ni sahihi, wala siyapingi; lakini Mzaramo wa zamani hakuuliza maji yanazungukaje, bali aliuliza ni ya nani.

Kwake yeye msitu ulikuwa na Mwenembago, pepo mwenye msitu, na mvua ilikuwa na Kolelo, joka la pangoni huko huko Uluguru unakoanzia Ruvu, ambalo watu waliliendea na sadaka ukame ulipowashika. Mwaka 1905 ikaenea habari Uzaramoni kuwa Kolelo amekataza kodi ya Wadachi, yaani Wajerumani, na kwamba gharika kubwa itawafagia wao na wafuasi wao.

Ila kisa kilicho kizito kuliko vyote kiko kusini, upande wa Rufiji. Yasimuliwa kuwa huko Ngarambe, mnamo 1904, Kinjikitile Ngwale alishikwa na pepo, akaenda kwa tumbo, mikono mbele, jamaa zake wakimvuta miguu bila mafanikio, hata akazama katika kilindi cha maji. Waogeleaji wakapiga mbizi, wasione kitu. Jamaa wakakesha ukingoni, wakisema kwamba akiwa amekufa maiti itaelea, na akiwa amechukuliwa na mwenye maji atarudishwa. Kesho yake, saa ile ile, akatoka salama, nguo zake kavu. Ndipo alipoanza kugawa dawa ya maji iliyovipa Vita vya Majimaji jina lake, na Wadachi wakamnyonga Agosti 1905, vita vikiwa vimeanza tu.

Nguo kavu! Msimulizi angeweza kuishia kwenye kuokoka, lakini alijua wasikilizaji wake watatazama nguo.

Tangu 1959 maji ya Ruvu huvutwa kwa mitambo kutoka Mlandizi hadi Dar es Salaam, yakiwa yamekwisha kuchujwa tope la Uluguru, na mtu wa mjini, akimaliza kunawa, huyaona yakizunguka mara mbili tatu juu ya tundu la sinki kabla ya kuzama.