Sukuma Wiki ya Gunia Ikiugua: Tazama Kwanza Kabla ya Kununua Dawa

Kila tunapotembelea vikundi, mambo ya mkutano yakiisha, kuna mama atatushika mkono na kutupeleka nyuma ya nyumba. "Njooni muone sukuma yangu." Tukifika tunakuta gunia limesimama pale kwenye ukuta, majani mengine yamekuwa ya manjano, mengine yamejikunja, mengine yametobolewa kama chujio la chai. Halafu linakuja swali, na karibu kila mara ni lilelile: tununue dawa gani?

Sisi si mabwana shamba. Haya tunayoandika tumeyapata kwa kuuliza maofisa wa kilimo, kwa kutazama magunia ya watu, na pia kwa kukosea. Lakini jambo moja tunalisema bila wasiwasi: gunia si shamba. Gunia ni chungu kikubwa. Mmea wa shambani hutuma mizizi mbali kutafuta maji na chakula, lakini ule wa gunia umefungwa hapo, unakula kile tu unachopewa. Kwa hiyo shida nyingi za gunia hazitokani na mdudu yeyote. Ni shida za maji na mbolea, na hizo hazina dawa dukani.

Tena sukuma huchumwa kila wiki, na kwa nyumba nyingi kila baada ya siku mbili. Ukipiga sumu Jumatatu, na Jumatano watoto wanakula ugali na sukuma hiyohiyo, umewalisha nini? Ndiyo sababu tunaomba kila mtu apime ugonjwa kwa macho na mikono kabla ya kufungua kibeti.

Anza na maji

Kosa letu lilikuwa hapa. Wakati mmoja wa kiangazi tulitembelea kikundi chenye magunia sita. Sukuma ilikuwa imelegea, majani yananing'inia kama vitambaa. Tukasema, bila hata kugusa udongo, hii ni kiu, ongezeni maji. Wale akina mama wakatutii. Walibeba maji kutoka mtoni, asubuhi na jioni, na kila siku hali ikazidi kuwa mbaya. Mwisho mzee mmoja jirani akachukua panga akapasua gunia moja. Jamani! Ndani kulikuwa na tope linalonuka, na mizizi imekuwa ya kahawia. Ukiuvuta mzizi, ngozi yake inavuka na kubaki vidoleni. Zile kokoto za katikati zilikuwa zimeziba kwa udongo, na gunia lenyewe limekalishwa juu ya karatasi ya nailoni, kwa hiyo maji hayakuwa na pa kutokea. Mizizi nayo inahitaji hewa. Ikikaa ndani ya maji inaoza, na mzizi uliooza hauwezi kunywa, hata ukiwa umezungukwa na maji. Mmea unaonyesha kiu huku unazama. Magunia yote sita yalimwagwa, na sisi tulirudi nyumbani tukiwa na aibu.

Tangu siku hiyo tunatembea na kijiti. Kichomeke kwenye udongo wa gunia, juu na pia kwenye tundu moja la ubavuni, kiingie urefu wa kiganja, halafu ukitoe. Kikitoka kikavu bila udongo wowote, mmea una kiu kweli. Kikitoka na udongo kidogo unaoshikana, maji yanatosha, usiongeze. Kikitoka na tope lenye harufu mbaya, acha maji kabisa siku chache, inua gunia ulikalishe juu ya mawe, na utoboe matundu ya chini. Mara nyingi utaona pia kwamba juu kumelowa lakini ubavuni ni vumbi tupu. Hapo kasoro ni ya nguzo ya kokoto. Maji yanatakiwa yashuke kupitia kokoto na kusambaa kila upande. Kwa gunia jipya tumia kopo lisilo na kitako: liweke katikati, lijaze kokoto, zunguzia udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, halafu vuta kopo juu na ujaze tena, hivyo hivyo mpaka mdomoni.

Na usiogope sukuma ikilegea saa saba za mchana jua likiwaka. Itazame tena jioni. Ikiwa imesimama, haina ugonjwa wowote.

Manjano si ugonjwa mmoja

Tazama manjano imeanzia wapi. Kama ni majani ya chini, yale ya zamani, yamefifia yote sawasawa na mmea umedumaa, hiyo ni njaa. Mmea unakosa naitrojeni, kwa hiyo unaitoa kwenye majani yake ya zamani ili kulisha yale machanga. Gunia lililochumwa miezi mingi bila kuongezewa kitu litafika hapo tu. Loweka samadi kwenye ndoo ya maji kwa wiki mbili hivi, huku ukikoroga mara kwa mara, kisha ichanganye na maji mpaka ifanane na chai ya rangi, umwagie kwenye udongo, si kwenye majani unayokula. Lakini samadi mbichi usiitie ndani ya gunia, itaunguza mizizi.

Kama manjano imeanzia ukingoni mwa jani na kuingia ndani ikiwa na umbo la herufi V, ncha yake ikielekea kwenye mshipa mkubwa, hapo una jambo zito. Shika jani hilo ulielekeze kwenye jua. Ukiona mishipa midogo imekuwa myeusi, huo ni uozo mweusi. Kata shina, na pengine utaona duara jeusi ndani. Unaletwa na bakteria, na hakuna dawa ya kuuponya mmea ulioupata. Tunasisitiza kwa sababu tumeona watu wakiuziwa chupa mbili tatu kwa ajili yake. Kinachosaidia ni kung'oa mmea huo na kuuchoma au kuuzika mbali, kutochuma majani yakiwa na umande (mikono yako na kisu chako ndivyo vinavyoueneza), na kumwagia maji kwenye udongo badala ya kunyunyiza juu. Udongo wa gunia hilo umwage kwenye mahindi au maharagwe. Usirudishie sukuma wala kabeji kwa miaka miwili au mitatu, maana bakteria hubaki kwenye mabaki ya mimea mpaka yaoze kabisa.

Ugonjwa huu husafiri hata ndani ya mbegu. Kikundi chenye kipimajoto kinaweza kuloweka mbegu za sukuma kwenye maji ya nyuzi 50 kwa dakika 20, kisha kuzipoza kwa maji baridi na kuzianika kivulini. Bila kipimajoto msijaribu. Maji yakizidi joto mbegu zinakufa, yakipungua bakteria anabaki.

Sasa geuza jani

Watu wengi hutazama jani upande wa juu, na mdudu anakaa upande wa chini. Ukikuta makundi ya vijidudu vya kijivu kana kwamba vimepakwa unga, hivyo ni vidukari. Hufyonza maji ya mmea, na majani machanga hujikunja. Wakiwa wachache, waponde kwa vidole, tena kwa watoto ni mchezo. Wakiwa wengi, ng'oa jani lililojaa, kisha nyunyiza maji ya sabuni: vijiko viwili vya chai vya sabuni ya maji kwa lita moja, jioni, chini ya majani, ukijaribu kwanza kwenye majani mawili matatu. Sabuni inamuua yule tu inayemgusa, kwa hiyo rudia baada ya siku nne au tano, na osha mboga vizuri kabla ya kupika. Wengine hupaka jivu, nalo linasaidia mpaka mvua inyeshe. Ukimwona mdudu mwekundu wa mviringo mwenye madoa meusi, mwache afanye kazi yake. Chakula chake ni vidukari.

Vidukari wana ubaya mwingine: hubeba virusi. Jani likiwa na mabaka ya kijani kibichi na kijani hafifu yaliyochanganyika, huku limekunjamana, virusi vimeingia na havitoki. Hapa tuna neno kwa wale wanaopanda machipukizi badala ya mbegu. Desturi hiyo ni nzuri, haina gharama. Lakini ukivunja chipukizi kwenye mmea mgonjwa umepanda ugonjwa, na ukimgawia jirani umemgawia naye. Chagua mama mzuri.

Kuhusu majani yaliyotobolewa, mara nyingi ni kazi ya kiwavi mdogo wa kijani, mtoto wa nondo wa kabeji, asiyefika hata sentimita moja na nusu. Dalili yake ni kidirisha: anakula upande wa chini na kuacha ngozi nyembamba ya juu inayopitisha mwanga. Mguse, atajinyonganyonga kurudi nyuma na kuning'inia kwa uzi. Mdudu huyu ni mkaidi. Amepigwa dawa nyingi kwa miaka mingi mpaka nyingine amezizoea, na mkulima akiona hafi anaongeza kipimo. Wakati huohuo dawa inaua maadui zake.

Adui yake mmoja anafaa kujulikana. Mwaka 2002 watafiti wa ICIPE walimwachilia nyigu mdogo sana, aliyeletwa kutoka Taiwan, huko Werugha katika vilima vya Taita na Tharuni upande wa Limuru. Nyigu huyu hamuumi mtu. Anatafuta kiwavi wa nondo wa kabeji na kutaga yai ndani ya mwili wake, na mtoto wa nyigu anamla kiwavi kutoka ndani. Alishika makazi katika nchi za baridi za juu, na viwavi wakapungua. Lakini nyigu naye hufa kwa dawa. Mama anayepiga sumu kila wiki anamuua mfanyakazi asiyedai mshahara. Kwa gunia moja au matano, kuokota viwavi kwa mkono kila asubuhi kunatosha.

Ikibidi dawa

Hatusemi dawa ni marufuku. Kikundi chenye magunia mengi ya biashara kinaweza kuzidiwa. Basi nunueni iliyo kwenye chupa yake yenye karatasi, si ile iliyopimwa na kutiwa kwenye chupa ya soda, kwa maana hamtajua ni nini, na mtoto akiiona ataiita soda. Hakikisheni imesajiliwa Kenya na imeandikwa kwamba ni ya sukuma au kabeji. Tafuteni siku za kungoja kabla ya kuchuma. Kama karatasi inasema siku 7, basi ni siku 7, hata mgeni akija. Afadhali mpige nusu ya magunia wiki hii, mle yale mengine, na kwenye yaliyopigwa mfunge kitambaa chekundu ili hata mtoto aliyetumwa mboga ajue asiguse. Kikundi kimoja huandika tarehe ya kuchuma kwa makaa kwenye gunia lenyewe, na mwenye kusoma anawasomea wengine.