Mvua ya Mlimani, Boti la Sagana: Kupanga Safari ya Maji ya Kasi kwa Kufuata Majira

Mchezo wa kuteremka mto wenye maji ya kasi kwa boti la mpira, ambao wapenzi wake jijini Nairobi huuita rafting kwa ufupi, hutegemea jambo moja kuliko mengine yote, nalo ni kiasi cha maji kilichomo mtoni siku ya safari. Boti linaweza kuwa lile lile, makafi yale yale na nahodha yule yule, lakini mto hauwi ule ule: jiwe ambalo mwezi Februari limetokeza juu ya maji kama meza, mwezi Mei huwa limefunikwa kabisa, na nyuma yake maji hujikunja na kujenga wimbi linaloweza kupindua boti lenye watu wanane. Kuchagua tarehe, basi, ni kuchagua mto, ingawa vikundi vingi huichagua tarehe kwanza, kwa kutazama mwisho wa mwezi na siku za mapumziko, kisha huuliza habari za mto baadaye.

Kwa wakazi wa Kawangware, mtaa ambao wengi huutambua kwa namba ya matatu zake, yaani 46, na kwa majirani wao wa Kibera, mahali pa karibu pa kufanyia mchezo huu ni Sagana, mji mdogo wa Kaunti ya Kirinyaga ulio takriban kilomita 100 kutoka Nairobi. Msafiri hushukia katikati ya jiji, hutembea hadi eneo la Tea Room yanakopakia magari ya kuelekea Mlima Kenya, na foleni ikimruhusu huwa amefika kabla ya saa nne asubuhi. Ukaribu huo ndio unaowapotosha wengi, kwa kuwa mtu aliyeacha jua likiwaka Kawangware hudhani kwamba mto nao umekauka kidogo, na aliyelala akisikia mvua ikipiga mabati ya Kibera hudhani kwamba mto umefurika. Kumbe mvua inayonyesha Kibera haifiki Sagana hata tone, kwani humiminikia mito mingine inayokwenda upande mwingine kabisa.

Maji ya Sagana ni ya Mto Tana, ambao katika sehemu yake ya juu huitwa kwa jina hilo hilo la Sagana. Mto huu hukusanya vijito kutoka miteremko ya Mlima Kenya, wenye urefu wa mita 5,199, na kutoka safu ya Nyandarua iliyo magharibi yake, kisha husafiri takriban kilomita 1,000 hadi kumwaga maji yake katika Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Wengi huamini kwamba theluji ya mlima ndiyo inayoulisha mto, imani inayoeleweka kwa kuwa theluji huonekana kwa mbali siku isiyo na mawingu, lakini barafu iliyosalia kileleni ni ndogo mno na huzidi kupungua mwaka hadi mwaka. Kinachoulisha mto ni mvua, na kinachoitunza mvua ni misitu ya mlimani, ambayo udongo wake hunywa maji wakati wa masika na kuyaachilia polepole wakati wa kiangazi. Hapa ndipo Afrika Mashariki inapotofautiana na Ulaya na Marekani Kaskazini, ambako mito mingi ya mchezo huu hujaa majira ya kuchipua theluji inapoyeyuka, hivi kwamba mwongozo uliotungwa kwa ajili ya mito ya Colorado haumsaidii sana anayekwenda Kirinyaga.

Mvua za eneo hili huja mara mbili kwa mwaka: masika, kuanzia Machi hadi Mei, na vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Mto haupandi siku ile ile mvua inapoanza, kwa sababu ardhi iliyokaukiana hunywa mvua za kwanza karibu zote, na ni baada ya udongo kushiba ndipo maji ya ziada huanza kuteremka juu ya ardhi na kuingia mtoni kwa wingi. Ndiyo maana mvua ya wastani ya katikati ya Mei huweza kuujaza mto kuliko mvua kubwa ya mwisho wa Machi, jambo ambalo huwashangaza wanaopima hatari kwa ukubwa wa mvua peke yake. Kwa kawaida Sagana huwa na maji mengi zaidi mwezi Aprili na Mei, kisha tena Novemba, na huwa na maji machache zaidi mwezi Februari na mwanzoni mwa Machi. Kati ya Juni na Septemba, wakati wa kipupwe, mto hushuka taratibu ukilishwa na akiba ya msituni, huku maji yakiwa baridi na anga ikiwa na mawingu mazito yasiyoleta mvua kubwa.

Mtu akiiweka kalenda ya mapumziko juu ya kalenda hii ya mvua, ataona tatizo mara moja. Pasaka huangukia Machi au Aprili, na likizo ya shule ya Aprili huiangukia masika yenyewe. Mashujaa, tarehe 20 Oktoba, huja vuli ikibisha hodi. Likizo ndefu ya Novemba na Desemba huanza mto ukiwa umejaa. Ni likizo ya Agosti peke yake, na Madaraka ya tarehe 1 Juni katika mwaka ambao masika yamewahi kuisha, zinazoelekea kukutana na mto wenye maji ya kutosha lakini usio na hasira. Kwa kikundi cha watu ambao hawajawahi kushika kafi, Juni na Julai ni miezi bora kuliko Pasaka, hata kama itabidi baadhi yao waombe ruhusa kazini.

Ukali wa mto hupimwa kwa madaraja sita yanayotumika kimataifa. Daraja la 1 ni maji yanayotembea yakiwa na viwimbi tu. La 2 lina mawimbi madogo na njia iliyo wazi. La 3 lina mawimbi yasiyo na mpangilio yanayohitaji boti ligeuzwe kwa ustadi. La 4 lina nguvu na huhitaji kila mtu apige kafi kwa pamoja anapoamriwa. La 5 ni la hatari hata kwa mabingwa. Na la 6 kwa kawaida huhesabiwa kuwa halipitiki. Katika Sagana, safari za kibiashara hukutana na maporomoko kuanzia daraja la 2 hadi la 5, lakini namba hizo hazikuchongwa kwenye mwamba, kwa sababu poromoko lile lile linaweza kuwa la 3 mwezi Agosti na la 4 au zaidi mwezi Mei.

Ili kuelewa sababu yake, yafaa kujua maana ya mtiririko, yaani idadi ya mita za ujazo za maji zinazopita mahali fulani kila sekunde. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, au mitungi 50 ya lita 20 kama ile inayosukumwa kwa mkokoteni katika vichochoro vya Kawangware, na uzito wake ni tani moja. Mto wenye mtiririko wa mita 20 za ujazo kwa sekunde, basi, hupitisha mitungi 1,000 kila sekunde mbele ya mtu aliyesimama ukingoni. Zaidi ya hayo, kasi ya maji ikiongezeka maradufu, nguvu yake ya kumsukuma mtu huongezeka mara nne, na kwa hiyo mto ulioonekana kupanda kidogo tu huwa umebadilika sana kwa aliyeanguka ndani yake.

Hata hivyo si kweli kwamba maji machache ni usalama wakati wote. Mto ukishuka, mawe hutokeza, boti hukwama na kulazimika kusukumwa, na aliyeanguka akijaribu kusimama anaweza kunaswa mguu kati ya mawe huku mkondo ukimlaza kifudifudi. Kwa ajili hiyo kila mgeni hufundishwa kabla ya kuingia majini kwamba akianguka alale chali, miguu ikitangulia na vidole vikiwa juu ya maji, asubiri kurushiwa kamba. Mto Zambezi, chini ya Maporomoko ya Victoria, huonyesha jambo hili kwa ukubwa wake: huko mto hufikia kilele karibu na Aprili, ambapo baadhi ya sehemu hufungwa kwa boti, na ni kati ya Agosti na Desemba, maji yakiwa yameshuka, ndipo maporomoko yake mengi zaidi hupitika na kuonyesha ukali wake wote.

Habari za mvua, kwa bahati njema, zinatoka karibu sana na nyumbani. Makao makuu ya Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ya Kenya yako Dagoretti Corner, kando ya Ngong Road, mahali ambapo mkazi wa Kawangware anaweza kufika kwa miguu na ambapo matatu hupita kila siku, ingawa wengi hupajua kama kituo cha kushukia tu. Idara hiyo hutoa utabiri wa siku chache zijazo na utabiri wa msimu mzima, na anayepanga safari huhitaji vyote viwili: wa msimu kwa kuchagua mwezi, wa siku chache kwa kuamua kama aende au aahirishe. Sehemu ya kusoma ni ile inayohusu nyanda za juu za kati, zikiwemo Nyeri na Kirinyaga, wala si ile ya Nairobi.

Utabiri wa msimu hutegemea kwa sehemu kubwa joto la bahari mbili. El Niño, yaani kupanda kwa joto la maji ya Bahari ya Pasifiki karibu na ikweta, aghalabu huongeza mvua za vuli, kama ilivyotokea mwaka 1997 na tena 2023. Na Bahari ya Hindi ikipata joto zaidi upande wa Afrika kuliko upande wa Indonesia, vuli pia huwa kubwa, kama ilivyokuwa mwaka 2019. Kinyume chake, kati ya mwisho wa 2020 na 2022 mvua zilikosekana msimu baada ya msimu katika sehemu nyingi za nchi. Kisha yakaja masika ya 2024, ambapo mafuriko yaliua zaidi ya watu 200 nchini, na waliokuwa wakiishi kando ya mito ya Nairobi wakaamriwa kuhama. Katika miaka kama hiyo kalenda ya kawaida haimsaidii mtu.

Utabiri una kikomo chake, na hapo kazi humwangukia nahodha, yaani mwelekezi anayekaa nyuma ya boti na kutoa amri. Mvua iliyonyesha mlimani usiku huchukua saa kadhaa kufika Sagana, hivyo mto unaweza kupanda asubuhi chini ya anga ya buluu. Nahodha mzoefu hutazama kwanza jiwe analolijua au ubao wa kupimia kina, ulio na alama kama rula kubwa, akilinganisha na jana. Kisha hutazama rangi, kwa maana maji yaliyogeuka kuwa ya udongo mwekundu yametoka mashambani na si msituni. Kisha hutazama kinachoelea. Majani makavu na vijiti vikipita katikati ya mto, mto unapanda na kuzoa vilivyokuwa ukingoni. Magogo yakipita, safari hufutwa, kwa sababu mti uliokwama kwenye maporomoko hupitisha maji kama chujio lakini mtu haupitishi.

Sagana ina sifa moja ambayo Jinja, nchini Uganda, imeipoteza kwa kiasi fulani, nayo ni kwamba safari za boti hufanyika katika sehemu ya mto iliyo juu zaidi ya mabwawa makubwa, kuanzia Masinga lililokamilika mwaka 1981, na kwa hiyo majira ya mvua bado ndiyo yanayoamua hali ya maji. Mto Nile unapotoka Ziwa Victoria hauna kiangazi cha kweli, kwa kuwa ziwa husawazisha mtiririko mwaka mzima, lakini bwawa la Bujagali, mwaka 2012, na la Isimba, mwaka 2019, yalizamisha maporomoko mengi yaliyoipa Jinja jina lake.

Kuna pia Mto Athi, ambako huandaliwa safari za siku kadhaa maji yanapotosha, yaani wakati wa mvua au mara tu baada yake, na ambao una viboko na mamba. Mto Ngong unaopita kando ya Kibera, baada ya Bwawa la Nairobi lililojengwa miaka ya 1950 na ambalo zamani lilikuwa na kilabu cha mashua kabla ya kujaa matope na magugumaji, huungana na Mto Nairobi na hatimaye na Athi, ambao kwa jina la Sabaki humwaga maji yake karibu na Malindi. Mvua ile iliyopiga mabati usiku, ambayo haikufika Sagana, iko huko.

Kwa kikundi kinachochanga pesa kidogo kidogo, kama vyama vingi vya mitaani vifanyavyo, jambo la kuuliza kabla ya kulipa malipo ya awali ni nini kitatokea mto ukifurika: je, pesa hurudishwa, tarehe husogezwa, au wageni huhamishiwa sehemu tulivu ya mto? Ni vyema makubaliano hayo yaandikwe, pamoja na tarehe ya pili ya akiba iliyo wiki tatu au nne mbele, na mtu mmoja apewe kazi ya kupiga simu Sagana jioni ya kuamkia safari ili aulize kina cha maji ni sentimita ngapi, kilikuwa ngapi juzi, na kama huko juu Nyeri kumenyesha.