Aliyetoroka Jonestown

Mtu akimwacha kiongozi wa dini aliyemtawala, jirani hudhani ya kuwa siku ile ile amekwisha kuwa huru. Sivyo. Mtazameni Deborah Layton, Mmarekani, aliyekuwa mfuasi wa Jim Jones.

Jones aliwahamisha watu wake mpaka msitu wa Guyana, Amerika ya Kusini, na mji wao ukaitwa kwa jina lake, Jonestown. Walimwita Baba. Walilima kutwa, na sauti yake ikawafuata kwa vipaza sauti hata usiku. Barua zao zilisomwa kwanza, hati zao za safari zilizuiwa. Tena waliamshwa usiku wajizoeze kufa pamoja! Mtu aliyekaa hivyo husahau hata kujiuliza, “Mimi nataka nini?”

Mwezi wa Mei 1978 Deborah alitoroka kwa msaada wa ubalozi wa nchi yake, akimwacha mama yake mgonjwa. Mwezi wa Juni aliandika kwa kiapo habari za mazoezi yale, wala hakusikilizwa vya kutosha. Tarehe 18 Novemba walikufa watu zaidi ya 900, wengi kwa sumu, na katika hao watoto kadiri ya 300. (Mama yake alikuwa amekwisha kufa kwa maradhi.)

Yeye alisalimika, lakini kusalimika si kustarehe. Kitabu chake kilitoka mwaka 1998, yaani baada ya miaka 20.

Basi wa namna hii akifika nyumbani kwenu, msimsonge kwa maswali, wala msimtafutie upesi bwana mwingine wa kumtii. Mwacheni achague mwenyewe chakula chake, saa ya kulala, na mtu wa kumwandikia barua.