Weka Magogo Kwanza

Mgeni akifika kwenye kambi za mabasi ya zamani kule Quartzsite, jangwani Arizona, atapewa kiti na kahawa, ataonyeshwa mahali pa kuteka maji na mahali pa kutupa taka. Kisha ataonywa jambo moja, na kila atakayekutana naye atalirudia: usiingie uvunguni mwa basi lolote, hata kama unaokota spana tu, kabla hujaweka magogo.

Mimi nilionywa na mzee wa miaka 78 aliyenishika bega nilipoinama kuchungulia difu ya basi lake. Hakunifokea. Alichuchumaa taratibu, magoti yakimlalamikia, akanionyesha mifuko minene ya mpira kati ya ekseli na bodi, yote imejaa upepo. Basi lake ni GMC PD-4104, na halina springi za chuma. Modeli hiyo ilitoka kiwandani mwaka 1953 ikiwa imekalia mifuko hiyo, na abiria waliipenda kwa sababu kwenye barabara mbovu ilikwenda kama jahazi kwenye bahari shwari. Lakini mpira ukipasuka, au bomba la upepo likichomoka, tani zaidi ya 8 zinashuka kwa mara moja, na nafasi inayobaki chini haimtoshi binadamu. Wapo waliokufa hivyo. Ndiyo maana magogo ya mbao ngumu, au stendi nene za chuma, hutangulia kwanza, tena chini ya sehemu za bodi zilizotengenezwa kubeba uzito. Na anayelala chini lazima awe na mwenzake nje anayejua kwamba yumo.

Nilimkumbuka marehemu mjomba wangu, aliyekuwa utingo wa basi la kupanda mlima Kitonga. Watu walidhani kazi yake ni kuita abiria na kufunga mizigo juu ya keria. Kazi yake hasa ilikuwa kuruka chini na gogo mkononi pale injini ilipoanza kukata pumzi mlimani, alichomeke nyuma ya tairi kabla basi halijarudi kinyumenyume. Gogo lile lilikaa chini ya kiti chake, limepakaa grisi, na mtoto aliyelichezea alikiona cha moto. Kwa hiyo yule mzee hakuhitaji kunieleza mara mbili.

Watu wa kambi hizi wengi ni wastaafu. Baridi inapoanza kuuma katika majimbo ya kaskazini na Kanada, wanawasha mabasi na kushuka kusini. Serikali ya Marekani imetenga ardhi ya umma nje ya mji wa Quartzsite, sehemu iitwayo La Posa, ambako mtu akilipia kibali anaweza kukaa kuanzia Septemba 15 hadi Aprili 15. Hakuna umeme wa kuchomeka wala bomba la maji kila mlangoni. Unaishi kwa ulichobeba.

Mji wenyewe una kaburi ambalo msomaji wa Kiswahili akilifikia atasimama kidogo. Ni piramidi ya mawe, juu yake sanamu ya ngamia. Aliyezikwa pale ni Haji Ali, mchunga ngamia kutoka dola ya Waturuki, aliyeletwa Marekani mwaka 1856 jeshi lilipojaribu kutumia ngamia kubebea mizigo jangwani. Wenyeji walishindwa kulitamka jina lake, likageuka Hi Jolly, na hivyo ndivyo lilivyoandikwa. Alifariki mwaka 1902, na piramidi ilijengwa mwaka 1935. Kila nilipopita pale niliona inafaa kabisa kwamba watu wa msafara wa leo wanapiga kambi karibu na mtu wa msafara.

Namba za basi la mzee wangu, PD-4104, zina maana yake: la safari ndefu, la dizeli, viti 41, toleo la nne. Viti vyote 41 vilikwisha ng'olewa. Mahali pake pana kitanda, jiko dogo la gesi, meza ya kukunja na kabati alilolichonga mwenyewe. Anayeanza kazi ya kugeuza basi kuwa nyumba hudhani ugumu uko hapo, kwenye mbao na mapazia. Wenye mabasi hawafikirii hivyo. Ukialikwa kutazama basi la mtu, adabu ni kuanzia kwenye buti za chini, zile zilizokuwa za mizigo ya abiria, kwa sababu ndimo yalimo matangi ya maji safi na maji machafu, betri, jenereta na nyaya. Sebule itakuja baadaye. Mama mmoja wa Kanada ndiye anayesikilizwa zaidi kambini kuhusu umeme. Yeye hasemi kitu mpaka amefuata kila waya kwa kidole, kutoka kwenye betri hadi kwenye fyuzi, na kama waya hauna lebo anakuuliza kwa upole, usiku mambo yakiharibika utaujuaje?

Bodi nayo ina sheria zake. Mabasi hayo ya GMC hayana chesisi kama ya lori. Mabati ya alumini yameungwa kwa maelfu ya ribiti, na bodi yenyewe ndiyo mifupa. Ukikata nguzo ya dirisha kwa sababu unataka mlango mpana, umekata ubavu. Nimeona vijana wakizuiwa kwa maneno mazito wasishike msumeno kabla mtu mzima hajaja kutazama, na nadhani ilikuwa haki.

Halafu kuna injini. Hapo ndipo mazungumzo ya jioni huanzia, na sijawahi kuona yakimalizika. Ni Detroit Diesel ya mfululizo wa 71, uliozaliwa mwaka 1938. Namba 71 ni inchi za ujazo za kila silinda, kama lita 1.16 hivi. Ni injini ya viharusi viwili: kila pistoni ikishuka, inafanya kazi. Haivuti hewa kwa pumzi yake yenyewe, kuna kipulizi pembeni kinachoisukumia ndani, nayo inafukuza moshi nje. Ndiyo maana sauti yake si ya dizeli tulizozizoea. Kwa sikio geni inalia kama inakwenda mbio maradufu. Mwenye nayo hulisikia kosa kabla ya kuliona, na kambini watu huacha kula kumsikiliza jirani akiwasha.

Injini hii haipendi oili za kisasa za magari makubwa. Inataka oili nzito ya daraja moja, namba 40, na aina yake maalumu haipatikani kila duka. Mzee wangu aliwahi kuwekewa oili isiyo yake katika gereji moja ya njiani, akaigundua kwa mshale wa presha kushuka injini ilipopata moto, akasimama barabarani akaimwaga yote. Tangu hapo, anayekwenda mji mkubwa haondoki kimya. Anapita basi hadi basi akiuliza nani anahitaji oili, nani chujio, nani mkanda wa feni. Hapo hakuna kuandikiana. Wana pia msemo wao kwamba injini isiyovuja ujue imeishiwa oili, na chini ya kila basi utaona sinia imewekwa, kwa sababu kuchafua ardhi ya jangwa ni aibu.

Siku ya mtu kuondoka ina taratibu zake pia. Usiku hakuna anayewasha. Asubuhi jua likishatoka, mwenye basi anazunguka akigonga kila tairi kwa rungu na kusikiliza mlio, na anasoma tarakimu 4 zilizochongwa ubavuni, yaani wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa kuwa tairi la mbele lililozeeka halisamehewi hata likiwa na meno mazuri. Kisha injini. Haiachwi ikinguruma bila kazi, maana ikipoa namna hiyo inatapika dizeli isiyoungua. Inapata mzigo mapema. Mitungi ya upepo inajaa, mshale unapanda. Jirani mmoja anakaa kwenye usukani na kukanyaga breki, mwingine anapita nje na chupa ya maji ya sabuni akipaka kwenye maungio. Povu likitokea, safari inasubiri. Nimeona safari ikisubiri siku 3 kwa povu dogo kama punje ya mtama, na hakuna aliyenung'unika.

Barabarani adui ni joto. Wazee hupenda maji ya injini yakae karibu na nyuzi 82 za Selsiasi. Mlimani hawang'ang'anii gia kubwa. Wanashuka gia mapema ili injini izunguke haraka, na feni na pampu ya maji zifuate. Kuteremka nako, kanuni ya madereva wa Kitonga ndiyo ya huko vilevile: chagua gia ukiwa bado juu. Giaboksi hizi zinataka klachi ikanyagwe mara mbili, na ukiipoteza gia katikati ya mteremko huenda usiipate tena, ukabaki na breki peke yake.

Miaka ya karibuni wameingia vijana na mabasi ya shule, ambayo yana chesisi ya lori na springi za chuma. Rangi ya njano lazima waibadilishe katika majimbo mengi, kwa kuwa ile imewekewa watoto tangu mkutano wa mwaka 1939 pale Columbia University. Baadhi ya wazee waliwatazama kwa mbali mwanzoni. Kilichowaunganisha ni kazi. Kijana ana nguvu ya kulala chini na kuinua betri, mzee anajua bolti ipi imekazwa kinyume.

Na wazee wanaondoka. Wengi wa waliojifunza injini hizi kwenye gereji za mabasi, zilipokuwa bado barabarani, wamekwisha kufa. Mzee akifariki, mjane akitaka kuuza basi, kambi humtafutia mnunuzi atakayelitunza, na kitabu cha matengenezo chenye alama za vidole vya grisi hakiuzwi kando, kinakwenda na basi.

Mzee wangu bado yupo. Asubuhi niliyoondoka, alikuwa amekaa kitini nje, na kijana wa basi la jirani alikuwa amekuja kumbadilishia chujio. Kijana alisalimia, akaweka sanduku la spana chini, akazunguka nyuma na kuanza kubeba magogo, moja kila mkono. Mzee alihesabu kwa midomo bila kutoa sauti. Yalipotimia manne alirudi kwenye kahawa yake.